Nililainisha Injini, Ukweni Wakasema Natambika

Mama Diana mshauri, shikamoo. Nakuandikia kwa haraka kwa sababu Jumapili haiko mbali, na usiponisaidia nitapoteza mchumba au nitaharibu injini ya watu, na sijui kipi kitaniuma zaidi.

Naitwa Samweli, kwetu ni Maswa, shule niliishia darasa la tano, na huu ni mwaka wa nne nipo Nyantakara kwa mama mmoja mkulima anayeitwa Secilia, nalima, nabeba magunia, na kwa kuwa nina leseni naendesha pia pikapu yake ambayo ni kuukuu kuliko mimi, na juzijuzi injini yake ilifunguliwa yote ikafungwa upya, na fundi Thobias aliponikabidhi alinishika sikio, kweli kabisa alinishika sikio, akasema, "Samweli, injini haiuawi na mlima, inauawa asubuhi. Oili yote imeshuka chini, wewe unazungusha ufunguo, vyuma vinasagana vikavu. Ilainishe kwanza." Basi tangu siku hiyo kila asubuhi nafungua plagi nne, natia oili kijiko kimoja kila tundu, nachomoa waya wa koili ili isiwake, nazungusha stata mpaka taa ya oili izime, ndipo narudisha kila kitu na kuwasha, na wenzangu wananicheka kwamba injini inakunywa chai kabla yangu, lakini siachi.

Sasa nina mchumba, Claudia, binti wa Mzee Minani wa kule Mbuba, familia iliyotoka Burundi zamani, watu wa kusali sana, na wiki tatu zilizopita Mama Secilia aliniruhusu niende na pikapu nikajitambulishe, nikapokewa vizuri, nikala mpaka nikalegeza mkanda, nikalala huko. Kulipopambazuka nikatoka kuiandaa gari, na kwa kuwa kijiko changu nilikisahau Nyantakara nikachukua kimoja jikoni kwao, na kwa sababu ya matope nikavua viatu, nikajifunga kitambaa kichwani nisichafuke nywele, nikainama ndani ya boneti, namimina tundu la kwanza, nahesabu kwa Kisukuma mpaka thelathini oili ishuke, namimina la pili.

Hapo akatokea mama mkwe, Mama Niragira, anatafuta kijiko chake. Mshauri, kwetu mwanamume hamtazami mama mkwe usoni, hata njiani unampisha huku unaangalia porini, basi nilipoona tu pindo la kitenge chake nikazamisha kichwa ndani zaidi, nikasema kwa heshima zote, "Shikamoo!" Naye akaona mtu peku, kilemba kichwani, kijiko mkononi, ananong'ona lugha asiyoijua, kisha anaiamkia injini.

Akapiga kelele, "Baba Claudia! Njoo umwone mkweo, analisha mizimu kwa kijiko changu cha mchuzi!"

Mzee akaja mbio na Biblia, sijui aliitoa wapi upesi hivyo, akaniuliza, "Humo ndani kuna nani?" nami badala ya kujibu, kwa kuwa mama mkwe alikuwa bado amesimama pale, nikakimbilia migombani, na kijiko nacho, na sikusimama mpaka barabara kubwa nikapanda bodaboda.

Pikapu iko kwao, ufunguo anao mzee, na viatu vyangu pia. Claudia alinipigia siku ile ile akasema, "Samweli, baba anauliza, gari la mwalimu Frednand linawaka kwa ufunguo tu, mbona lako mpaka liamkiwe?" Akasema, "Na mama anataka kijiko." Nikaona aibu, nikakata simu, na tangu hapo akipiga sipokei. Mama Secilia anataka gari la kubebea mahindi, nimemwambia liko kwa fundi.

Sasa mzee amemtuma Aron, muuza ndizi wa huko, aniambie nije Jumapili baada ya ibada, nirudishe plagi nilizoziacha nje, nizungushe ufunguo mbele ya wazee wa kanisa, bila oili, bila kijiko, bila Kisukuma. Nikifanya hivyo Claudia ni wangu, nikikataa mimi ni mtambikaji na nisionekane tena Mbuba. Lakini injini imekaa kavu wiki tatu, na si yangu. Nifanyeje?

Samweli, Nyantakara, Biharamulo.

MAMA DIANA ANAJIBU:

Marahaba, Samweli. Nimecheka, nimemaliza, sasa tugombane.

Pole kwanza. Mtu aliye mbali na kwao akikosea hana shangazi wa kumtetea, na hilo nalijua. Lakini wewe nawe! Heshima ya ukwe ni kutomtazama mama usoni, si kutoroka na kijiko chake. Ungegeukia tairi ukasema, "Mama, nalainisha injini," leo ungekuwa na tarehe ya harusi. Mtu ananong'ona kagandamana na gari, akiulizwa anaingia migombani: unataka wafikirie nini? Hata mimi ningeita mchungaji.

Nimemuuliza kaka yangu Danstan, ambaye ni fundi. Anasema Thobias alikufundisha kweli, ila umezidisha. Injini iliyotembea jana bado ina utando wa oili, na kufungua plagi kila siku ni kuyalegeza bure matundu zinamokazwa. Fanya hivyo gari likiwa limekaa wiki kadhaa, au injini ikiwa imetoka kufungwa. Tena kijiko kinalowesha silinda tu. Huko chini oili inapandishwa na pampu, kwa hiyo ile stata ya bila kuwasha, kidogo kidogo huku ukiipumzisha, ndiyo kazi yenyewe. Kwa pikapu iliyokaa wiki tatu, una haki.

Leo hii nenda kwa Mama Secilia ukamwambie gari liko wapi. Mwanamke aliyekukabidhi mali yake hadanganywi. Gari ni lake, na kama litawashwa kavu ni kwa ruhusa yake, si yako.

Jumamosi, usingoje Jumapili, nenda Mbuba na fundi Thobias awe mshenga wako. Mwache mzee afungue boneti mwenyewe. Mwulize mnyororo wa baiskeli mtu anaupaka mafuta kabla ya kupanda mlima au akishafika juu. Kisha mpe kijiko, kipya, cha kununua, amimine yeye na ahesabu kwa Kirundi. Kama humo ndani kuna mizimu, itamjibu. Cha mama mkwe kisugue kwa majivu na sabuni, kipelekwe na Thobias.

Mzee akikataa kabisa, na Mama Secilia akiwa ameridhia, zungusha ufunguo. Ndiyo, umesikia. Itakwaruzika kidogo, haitakufa kwa mara moja.

Claudia nimemweka mwisho kwa sababu ndiko ulikokosea zaidi. Nyumba nzima inakuita mtambikaji na yeye bado anakupigia, wewe unaiacha simu iite. Weka gazeti chini, mpigie sasa hivi. Na usianze na habari za injini.