Chumvi Kwenye Stendi ya Baba

Studio, chumba cha nyuma,
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu Kidoti,

Salamu tele zikufikie huko ulipo. U mzima? Kile kikohozi cha baridi kimekuachia? Sisi hatujambo, ila magoti ya Baba hayaishi kulalamika.

Umeniuliza stendi yako ya kamera uitunzeje, kwa kuwa huko nawe unapigia picha ufukweni. Swali lako limenikuta na habari.

Unajua tangu Mama atutoke, Baba alikuwa hatoki chumbani. Chakula nampelekea, sahani inarudi nusu. Basi wiki iliyopita wale akina mama wa mabwawa ya chumvi wakaja kutaka picha yao ya pamoja, ile ambayo Baba amezoea kuwapiga kila mwaka. Nikachukua stendi yake ya zamani, nikaisimamisha majini. Katikati ya kazi mguu mmoja ukakwama, mwingine ukazama topeni. Kamera niliidaka imeshainama kunywa maji! Nikarudi bila picha hata moja ya maana.

Nyumbani nikakaa uani nikauzungusha ule mguu kwa nguvu zote. Chumvi ikawa inasagika, krr, krr. Mlango wa chumbani ukafunguka.

"Nani anaitesa stendi yangu?"

Baba, na fulana yake, peku!

"Leta karai na maji ya bomba. Usiifungue kabla hujaisuuza, utaisukumia chumvi ndani."

Tukakaa chini kama zamani. Unakumbuka? Wewe ukigombea mswaki, Mama akitugombeza tusimlowanishie nguo alizoanua. Tukasuuza, tukafungua vipande, tukasugua nyuzi za skrubu kwenye vifungio vya miguu kwa mswaki, tukafuta, tukaanika kivulini. Ilipokauka akapaka grisi kiduchu tu. Ikizidi, anasema, inanasa mchanga. Na ukiingia majini, vuta kipande cha chini chote kwanza, vifungio vibaki juu ya maji.

Kisha akakikunja kile kitambaa cha kufutia.

"Mama yenu ndiye aliyekuwa akinikumbusha kuiosha."

Hapo akalia, mdogo wangu, kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Nami nikashindwa kujizuia.

Asubuhi nikamkuta studio, suruali kaikunja hadi magotini. "Wale akina mama wanataka picha au hawataki?"

Ungemwona bwawani! Anawafokea wasogeleane, nao wanamtania kwamba amekonda hadi hatofautiani na stendi yake. Baba akacheka mpaka akajishika kiuno. Mimi nilikuwa na kamera ya pili shingoni, kidole tayari. Nikasahau kubonyeza.

Nisalimie wifi yangu, na mabusu kwa wale pacha. Shangazi anakusalimu, anauliza utakuja lini. Baba hasemi, ila jana ametandika kitanda chako.

Mola akutunze, majini na nchi kavu.

Mimi nikupendaye siku zote,
Dada yako.