Mwanasesere wa Nyuma ya Pazia

Mama yangu,

Shikamoo. Najua hapo umeitikia marahaba kwa sauti ingawa uko peke yako, halafu ukajicheka. Endelea kuwa peke yako, tafadhali. Barua hii nimempa Salma, yule msichana wa Manyoni ninayesoma naye huku China. Anakuja likizo, nami nimemwomba aiweke mikononi mwa wifi Anna, na Anna akupe wewe. Ningeweza kupiga simu, lakini simu ya nyumbani unaijua. Baba akiona ni mimi anaweka spika, majirani wanavuta vigoda, na maongezi yanageuka mkutano wa kijiji. Ninayokuandikia si ya mkutano.

Habari za afya yako? Nimeuliza, na jibu lako nalijua kabla hujalitoa. Tutalirudia baadaye.

Mimi naendelea vizuri. Baridi imeanza na inauma kuliko upepo wetu wa mwezi wa saba, lakini lile koti ulilosema ni kubwa mno sasa linanitosha, maana navaa sweta mbili ndani yake. Chakula nimezoea, isipokuwa uji wao wa mchele usio na sukari wala chumvi. Wanayo mboga moja ya kuteleza. Siku ya kwanza nilipoionja machozi yalinilengalenga kwa jinsi inavyofanana na mlenda wetu. Nikaomba ugali. Mpishi akaniongezea mboga ile ile.

Nasikia huko Kinyangiri unawaambia watu kwamba mwanao anasomea sindano. Ni kweli, ila sindano zenyewe, zile za Kichina zinazochomwa bila dawa ndani yake, tutazifikia mwakani. Mwaka huu tunajifunza jinsi matabibu wa kale wa nchi hii walivyomfahamu mgonjwa wakati hakuna vipimo wala mashine. Kwanza walimtazama, anavyoingia, anavyokaa, rangi ya uso na ya ulimi. Kisha walimsikiliza anavyopumua na kukohoa, na walimnusa pia, ndiyo, usicheke. Baada ya hapo wakamuuliza maswali, na mwisho kabisa wakamshika mkono kusikiliza mshipa. Tena wanasimulia habari za mfalme wa zamani sana aliyekuwa akionja majani na mizizi mwenyewe ili ajue ipi ni dawa na ipi ni sumu. Niliposikia hivyo nilimkumbuka babu, baba yako, alivyokuwa akitafuna mzizi kwanza kabla ya kumpa mtu, huku bibi akimgombeza kwamba siku moja tutamkuta amelala na mzizi mdomoni.

Mchana napelekwa kujifunza kwa daktari mmoja mzee anayeitwa Lin. Moyoni namwita Mama Lin. Chumba chake kina ukuta mzima wa droo za mbao, na kila droo ina mizizi, maganda au mbegu, na humo ndani kunanukia kama ghala la babu wakati wa mvua. Siku ya kwanza alinikalisha kwenye kiti cha mgonjwa ili nijue mgonjwa anavyojisikia.

Akaniuliza habari. Nikasema nzuri. Umelalaje? Salama. Unakula? Vizuri tu. Basi akaweka vidole vitatu juu ya mshipa wangu, hapa chini ya kidole gumba, akafumba macho mpaka nikaona aibu.

"Wewe hujalala," akasema. "Na leo hujala."

Mama, ilikuwa kweli. Nilikesha nikiuwaza mtihani, na asubuhi nilikuwa nimeukataa ule uji. Akaniuliza, "Kwenu mtu akiulizwa habari, anajibu kabla ya kufikiri?"

Nikamweleza kwamba kwetu habari ni nzuri. Hata aliye kitandani atasema nzuri kwanza, ndipo aongeze kwamba ila mguu umevunjika. Na kama mgeni ana haraka na hakuuliza tena, habari za mguu hazitoki kabisa. Mama Lin alicheka mpaka akavua miwani. Akasema ndiyo maana mkono hushikwa mwisho, mdomo ukishamaliza adabu zake.

Mwezi uliopita alitupeleka kwenye jumba la makumbusho. Nilitegemea kuona sindano za kale na vinu vya kutwangia dawa, na kweli vilikuwepo, vinu kama vyetu ila vidogo, vya shaba. Lakini kilichonisimamisha ni mwanasesere mmoja ndani ya kioo. Ni wa pembe ya ndovu, urefu wake kama kiganja changu, mwanamke aliyelala kwa ubavu, uchi, ameegemeza kichwa mkononi. Mama Lin alitueleza kwamba zamani wanawake wa nyumba za matajiri hawakuruhusiwa kuonwa mwili na tabibu, kwa kuwa tabibu alikuwa mwanaume. Bibi wa nyumba alikaa nyuma ya pazia akatoa mkono peke yake, ushikwe mshipa. Kama ana maumivu, mtumishi alimletea mwanasesere, bibi akamgusa pale panapomuuma, kisha mtumishi akaenda kumwonyesha tabibu. Wapo wasomi wanaobisha, wanasema wanasesere hao walikuwa na kazi nyingine. Mama Lin hakutaka kugombana nao. Alisema tu kwamba pazia lilikuwepo, na hilo hakuna anayelibishia.

Nikamuuliza, "Na kama bibi aliona aibu akagusa mahali pengine?"

"Basi alitibiwa mahali pengine," akanijibu, akaendelea na kioo kinachofuata.

Mama, mimi nilibaki pale pale. Nilikukumbuka wewe na bega lako.

Uliniomba plasta za Kichina za bega, nikakutumia. Ukaomba tena, nikakutumia tena, na kila nilipouliza bega linaendeleaje ulisema nzuri, linapoa. Halafu Jumapili ile mliponipigia kwa picha baada ya ibada, baba alikuwa akinionyesha alizeti za kukamua zilizoanikwa uani, nawe ulikuwa nyuma yake. Kuku wakavamia. Ukawafukuza kwa mkono wa kushoto. Ukainua ungo kwa mkono wa kushoto. Wewe ambaye tangu nikujue hujautumia mkono huo hata kumkuna mbuzi. Tena ulikuwa umejifunga kitenge mpaka shingoni, jua lote lile. Nimefundishwa kutazama, mama, na nilitazama.

Nikamtafuta Anna peke yake. Usimgombeze. Nilimbana mpaka akalia, na najua ulimwapisha. Ameniambia kuhusu uvimbe alioukuta siku alipokusugua mgongo. Kwamba uko kwenye ziwa la kulia, ni mgumu, hausogei, na ngozi juu yake imeanza kuingia ndani. Kwamba unaubandika zile plasta zangu. Kwamba zahanati hutaki kwa sababu daktari wa hapo ni kijana wa umri wa kaka Elia, na kwamba umesema utasubiri, mwanao anakuja na dawa ya Kichina.

Nilipomaliza kuongea naye nilikaa kwenye ngazi za bweni nikalia. Niliogopa sana. Sasa hivi ninapoandika bado naogopa, sitakuficha.

Kesho yake nilikwenda kwa Mama Lin kabla ya wagonjwa kufika, nikamweleza yote. Nilitegemea atafungua droo. Nilikuwa nimeshapanga moyoni jinsi Salma atakavyobeba, na jinsi nitakavyokuandikia namna ya kuchemsha. Hakufungua hata moja. Alinikalisha.

"Mizizi yangu haijui kilichomo ndani ya huo uvimbe," alisema. "Mpelekeni hospitali wakate kinyama kidogo wakipime. Mimi wangu ulipoota, hapa shingoni, nilipanda ghorofa ya juu kwa madaktari wa visu. Nilipotoka huko ndipo nikarudi chini kunywa mizizi yangu, inirudishie hamu ya kula."

Akanionyesha kovu. Amekuwa akivaa skafu siku zote, nami nilidhani ni baridi. Unaona tunavyodanganyana, hata sisi tunaofundishwa kutazama.

Kwa hiyo mama, dawa ya Kichina ninayokuletea ni hiyo, nenda hospitali. Si kila uvimbe ni ugonjwa ule tusiopenda kuutaja, lakini anayejua ni yule atakayeupima. Mimi siwezi kuujua kutoka huku, na plasta haiwezi. Tafadhali zibandue leo. Anna ameulizia Singida mjini, akaambiwa katika hospitali ya mkoa yupo daktari mwanamke, mtu mzima, anayewaona wanawake wenye shida hiyo. Atakusindikiza, na Elia ameshasema atawapeleka bila kuuliza safari ni ya nini. Ukimaliza kulima utakwenda, ndivyo unavyowaza sasa hivi, nakusikia. Shamba lina watu wa kulilima. Nenda wiki hii.

Baba utamwambia mwenyewe. Sitaingia hapo. Ila nataka ujue kwamba aliniambia siku hizi anateka maji yeye, eti anatafuta mazoezi. Baba, mazoezi. Nadhani naye anatazama, na anasubiri umwambie.

Ndani ya kifurushi utamkuta mwanasesere. Nimemshona kwa kile kitenge ulichonifungia mizigo nilipoondoka, nikamjaza pamba. Sura yake mbaya, najua, wale wa gunzi ulionitengenezea nikiwa mdogo walikuwa wazuri kuliko huyu. Nenda naye. Ukifika mbele ya daktari na mdomo ukakataa, mtoe kwenye mkoba, umguse pale panapouma. Pale penyewe, mama. Si begani.

Msalimie baba, mwambie nampenda na mazoezi yake. Elia mwambie asante, ataelewa ya nini. Bibi mzaa baba mpe shikamoo yangu ya magoti yote mawili, na umwambie mlenda wa huku hauna karanga. Shangazi Naomi wa Mungaa akija sokoni mwambie bado sijapata mchumba wa Kichina, aache kuulizia. Na wifi yangu Anna, mshike mkono tu. Amebeba mzigo mkubwa kwa ajili yako.

Jumapili, Salma akishafika, nitapiga simu kwa namba ya Anna. Ataingia nayo jikoni kwako, spika imezimwa, mlango umefungwa. Nitakuamkia nawe utaitikia. Kisha nitakuuliza habari za afya yako.

Mama, usiniambie nzuri.

Mwanao anayekungoja,
Rehema