Bremen Katika Maombi ya Wagonjwa

Rufus, nakuandikia bado nimeshika pasi.

Nilikuwa kwenye ibada ya Zoom, napiga pasi sare za kazi, huku marudio ya mechi ya Bremen, timu yangu ya Ujerumani, yakicheza pembeni; matokeo sikuwa nimeyasikia. Mchungaji anaombea wagonjwa wa korona, na wapinzani wetu Mainz wakafunga la tatu.

Nikapiga kelele, "Tumekwisha!" Maikrofoni ilikuwa wazi. Wazi, Rufus!

Mama Léonie akauliza, "Maxwell, nani amekufa?"

"Hakuna, mama. Ni Bremen. Tunashuka daraja."

Mchungaji akaendelea: "Bwana, ikumbuke na hiyo timu ya Maxwell."

Imebaki mechi moja, na hata tukishinda, lazima Düsseldorf, walio juu yetu kwenye msimamo, wateleze. Niliitikia amina kuwashinda wote, nikilia.

Sare mbili hazijapigwa pasi. Zingoje kesho.