Mashine ya Umeme Kashikishi

Kashikishi, Agosti 1956

Mjomba Chabu,

Tuko hai. Samaki ni wengi, na wavuvi wanadai maboya ya mbao kwa nyavu zao. Siwezi kuwatengenezea, na sababu ni wewe.

Ulipokuja Pasaka ulichukua keezo yangu ndogo, ile ya kuzungusha mbao kwa kukanyaga. Ulisema mali ya mpwa ni mali ya mjomba, na kwamba utanitumia iliyo bora kutoka Elisabethville. Sikubisha, ndiyo desturi yetu. Sasa mashine yako imefika, nayo ni ya umeme. Hapa hakuna umeme, Mjomba. Ulilala kwangu wiki nzima ukimulikiwa na koroboi.

Mke wangu Felistus alipouona waya wa mashine hiyo alicheka, akaniambia: "Baba Mwaka, chomeka mu ziwa! Pengine samaki watakuzungushia."

Nikarudia keezo ya zamani ya kamba. Ile ya kukanyaga huendeshwa na mtu mmoja. Hii inataka wawili: mmoja avute kamba huku na huku, mwingine ashike patasi. Aliyevuta ni Felistus, na mimba yake ya miezi saba. Jumanne alianguka, akatokwa damu. Muuguzi wa misheni amemlaza mpaka ajifungue, na hasemi kama mtoto atapona.

Rudisha keezo yangu kwa mashua ya kwanza ya wachuuzi wa samaki. Uliagiza mtoto huyu aitwe Chabu. Akizaliwa hai, jina lako hatalibeba.

Mpwa wako,
Goodson