Kisanduku Kinachompigia Baba Fidla

Mshauri wangu, salamu. Kuna jambo limenikaa kooni, naomba unisaidie kulitoa kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi tunazika.

Mimi ni binti, fundi wa simu, naishi na baba yangu ambaye amekuwa mpiga fidla maisha yake yote, mwaka jana akapata kiharusi na vidole vya mkono wa kushoto vikabaki vizito, na mkono huo ndio unaobonyeza nyuzi, kidole kikiteleza kidogo tu sauti inapinda, basi siku ya kwanza aliyoshika fidla baada ya kutoka hospitali alipiga kidogo, akairudisha kwenye kasha lake, akageukia ukutani, nami nikaenda kulia jikoni kama mtoto.

Ndipo nikapata wazo la kumtengenezea kisanduku. Nilimletea fidla ya umeme, ile isiyo na tumbo, ambayo yenyewe haitoi sauti ya maana mpaka uichomeke mahali, nikakusanya chipu na saketi, nikalehemu kila kitu kwa mkono wangu ndani ya kopo la biskuti, nikaandika programu ya kuongeza mwangwi ili asikie kama yuko kwenye ukumbi mkubwa, na hapo ndipo shetani aliponipitia, nikaongeza programu ya pili ambayo baba sikumwambia, inayoikamata kila noti iliyopinda na kuinyoosha kabla haijafika kwenye hedifoni zake.

Mshauri, ungemwona! Alipiga, akavitazama vidole vyake, akapiga tena, akasema, "Mwanangu, vidole vimerudi!" Nikasema, "Vimerudi, baba." Tangu siku hiyo anakula, anatania watu, ananiita injinia wake, ila mazoezi ya mkono kayaacha, kile kimpira alichopewa awe anakiminya kiko chini ya kochi, na mama anayemfanyisha mazoezi kituo cha afya alipompigia simu, baba alimjibu, "Dada, asante sana, mimi nimeshapona, wape nafasi wagonjwa."

Sasa rafiki yake mkubwa amefariki baada ya kuugua muda mrefu, mpiga akodioni aliyepiga naye tangu ujana, ambaye mimi nimekua nikimwita baba mdogo, na mjane wake alikuja jana kumwomba baba apige kaburini ule wimbo wao wa polepole, baba akakubali hapohapo, akasema kwa kuwa makaburini hakuna umeme ataupiga kwa fidla yake ya mbao, ambayo hajaigusa tangu siku ile. Akianza tu atajisikia, na watu wote watamsikia. Nimeanza kuunda kisanduku kingine cha betri chenye spika ndogo, ili nimshawishi aende na ile ya umeme, kimebaki kidogo kiishe, lakini kila nikikishika nakirudisha mezani. Nikimalize, au nimwambie ukweli nimvunje moyo wiki hiihii anayomzika rafiki yake? Nampenda baba yangu, mshauri. Sina mwingine.

Injinia wa Baba

JIBU

Injinia wa Baba, pole kwa msiba, na pole kwa mwaka mlioupitia. Barua yako nimeitanguliza mbele ya nyingine zote kwa sababu ya hiyo Jumamosi. Sasa kaa vizuri nikuseme.

Hicho kisanduku cha betri kiweke chini. Ukikipeleka makaburini, atakayemuaga marehemu ni wewe na saketi zako, na mzee wa watu atasimama pale akidhani ni yeye. Wamepiga pamoja tangu ujana wao, halafu unamnyang'anya hata kwaheri yake?

Tena kilichonikera zaidi si programu. Ni kile kimpira chini ya kochi. Vidole vya baba yako vinahitaji kazi, na mwenyewe anahitaji kujua kwamba bado havijarudi, lakini wewe umemfichia habari za mkono wake mwenyewe. Unasema ulifanya kwa ajili yake. Soma barua yako tena, binti yangu: aliyekwenda kulia jikoni ni nani? Ulishindwa kuvumilia kumsikia, ukajitengenezea dawa yako, ukamvisha yeye masikioni. Kulia sikulaumu. Nakulaumu kwa ile "Vimerudi, baba."

Mwambie leo, maana kesho utapata kisingizio. Usimwambie mbele ya wageni wa msiba. Kaa naye anapopiga, mwombe avue hedifoni, umweleze umeweka nini humo na kwa nini. Ukianza kulia kabla hujafika katikati, lia, lakini maneno yamalize. Huenda akakufokea, huenda akageukia ukutani kama siku ile, na hilo ndilo litakalokuuma zaidi. Usimkimbie wala usijitetee.

Kisha chukua lile kopo, litoboe ubavuni, uweke kitufe cha kuzungusha kama cha sauti kwenye redio, kinachopunguza huko kunyoosha kwako kidogo kidogo mpaka kuisha kabisa. Akizungushe yeye, wewe usikiguse. Atasikia mkono wake ulipofika na atajua pa kuanzia. Hiyo ndiyo kazi ya fundi. Na yule mama wa mazoezi mpigie wewe mwenyewe, umwombe radhi, umwombe ampokee tena baba.

Kuhusu Jumamosi, mwache baba aamue akiwa anaujua ukweli. Akisema hapigi, nendeni mkasimame tu kaburini. Mjane ataelewa, naye amemuuguza mumewe. Lakini akisema anapiga, hata kama ni kipande kidogo tu cha wimbo, usibishane naye. Mbebee kasha, simama karibu yake. Sauti itapinda, nakuambia mapema. Usitazame chini. Mtazame yeye mpaka amalize.