Sentimita Tano za Chiriku

Chumba cha Kushonea,
Mlango wa Bluu, nyuma ya duka la vitabu.
Jumamosi, tarehe 14.

Mpendwa Dada,

Habari za huko, na mgongo wako unaendeleaje? Natumaini zile ngazi za hospitali unazosugua hazijakumaliza. Sisi huku wazima. Baba anakohoa kidogo asubuhi, ila nguvu za kubishana na redio anazo, kwa hiyo usitie shaka.

Nakuandikia nikiwa juu ya meza ya kukatia, miguu inaning'inia. Mvua imekatika sasa hivi, na mwanga unaingia dirishani polepole, hata vumbi la chaki linaonekana linaelea. Cherehani imenyamaza. Saa kama hizi nakuona kabisa umekaa kwenye kiti chako pale pembeni, unanikosoa mshono.

Nilikwambia kwamba kila Jumamosi nawafundisha hesabu mwanao Chiriku na wenzake watatu. Si hesabu za ubaoni. Wanakunja kitambaa wapate nusu, wanakunja tena wapate robo. Shati moja vifungo saba, je, mashati manne? Wanakisia urefu wa dirisha, kisha wanapima tuone nani kachemsha. Mwanao akichemsha hujicheka kabla hatujamcheka. Hapo nasahau nguo za wateja, nabaki kuwatazama tu, na mchana wote unapita kama usingizi mtamu.

Sasa nivumilie, nina jambo la kuungama.

Wiki iliyopita nilimpa Chiriku rula ya shule aipime kwa utepe wangu wa kupimia. Rula ya sentimita thelathini. Akapima, akapima tena.

"Mama mdogo," akasema, "rula imekuwa thelathini na tano."

Nikacheka. Nikamweleza kwamba utepe wangu uliungua kwa pasi miaka mingi iliyopita, nikaikata ile ncha, basi unaanzia kwenye tano. Mimi hutoa tano kichwani bila hata kujua kwamba natoa. Yeye hakucheka. Akauliza, "Na mimi je?"

Kila mwezi anajipima ukutani kwa utepe huo huo, anasoma namba mwenyewe na kukuandikia. Nilimwachia kwa kujivuna kwamba mwanafunzi wangu anajua kusoma namba. Ulimwacha na sentimita 108, ulizompima kwa utepe wako. Miezi miwili baadaye tukakutumia 114, ukajibu, "Mnamlisha nini huyo?" Ile alama uliyomchorea mlangoni tulishaipaka rangi, hakuna aliyewaza kulinganisha. Na lile gauni la njano ulilomshonesha kwa vipimo vyetu, lililokuja na barua yako, linaburura sakafuni. Nikasema mbele yake kwamba umeshamsahau mwili wake. Nisamehe. Maneno yale yananichoma.

Yananichoma zaidi nikikumbuka barua yenyewe. Uliandika kwamba umefuta mistari ya kimo chake uliyokuwa ukiichora ukutani mwako, kwamba anakua mbio bila wewe na hatakutambua, na kwamba afadhali uongeze mkataba kwa miaka miwili. Niliisoma, nikaificha kwenye droo ya nyuzi. Nilikosa la kukujibu.

Sasa ninalo. Namba ya mwezi huu si 122, ni 117. Hajakukimbia, Dada. Kwa miezi kumi na minane amekua sentimita tisa, taratibu, nusu kila mwezi.

Hesabu hiyo si yangu. Aliifanya mwenyewe, amepanga vifungo mezani, ulimi nje, kila kifungo mwezi mmoja. Alipomaliza nikachukua mkasi nilipunguze lile gauni, akanipokonya. Akavuta vifungo vingine vinane, miezi iliyobaki kwenye mkataba wako, akavioanisha viwili viwili. Akapata sentimita nne.

"Mama akirudi nitakuwa nimebakiza moja tu kufika 122," akasema. "Hiyo moja nitakua yeye ananiangalia."

Kwa hiyo gauni limetundikwa msumarini, refu vile vile. Ndani ya bahasha utakuta uzi mwekundu. Ni kimo chake cha leo, kuanzia kisigino hadi utosini, tumeupima kwa utepe mpya. Utundike pale ulipofuta.

Baba anakusalimu sana, na shangazi pia, anayesema kazi usiifanye kwa kuinama. Msalimie mwenzako wa chumbani. Mungu akutunze mikono na magoti, na akurejeshe kwetu salama.

Na huo mkataba mpya, Dada, usiutie saini. Mtoto amekuwekea sentimita moja.

Wako akupendaye daima,
Mdogo wako