Kibao Shingoni mwa Naisula

Moshono, 11 Februari 2024

Dada Silantoi,

Shikamoo. Natumaini wewe na mama mnaendelea vizuri huko Oldonyo Sambu. Naisula amezoea kukaa hapa kwangu, na ameanza darasa la nne shuleni ninapofundisha. Wenzake wamemzidi Kiingereza, lakini usiwe na wasiwasi. Mimi ndiye mwalimu wake wa somo hilo, na hapa ni Kiingereza tu kuanzia getini. Kufikia Desemba hutamtambua mwanao.

Mdogo wako,
Koikai

Oldonyo Sambu, 17 Machi 2024

Mdogo wangu,

Marahaba. Hatujambo, ila miguu ya mama bado inavimba. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu huwa tunaishia kugombana. Jumapili nilipompigia Naisula, alijibu "Yes", kisha nikasikia anapumua tu. Mama akachukua simu akamsalimia kwa Kimaasai. Mtoto akakata. Huyu ndiye aliyekuwa akiongea mpaka na mbuzi. Amepatwa na nini?

Dada yako,
Silantoi

Moshono, 5 Mei 2024

Dada,

Shikamoo. Mama anaendeleaje? Nisamehe kwa ukimya. Barua hii nimeichana mara tatu.

Shuleni tuna kibao chenye kamba. Anayesikika akiongea lugha nyingine huvishwa shingoni, na hukivua pale tu anapomtaja mwenzake aliyekosea pia. Februari Naisula alisimama mbele ya meza yangu akaniomba ruhusa ya kwenda chooni. Aliomba kwa Kimaasai, kama anavyosema nami nyumbani. Darasa lilicheka. Nilimvisha mimi mwenyewe. Alikivaa siku kumi na moja, kwa kuwa alikataa kumtaja mtu, hadi nilipomvua mwenyewe. Tangu hapo haongei.

Sasa najiandaa kwa mtihani wa shahada, nasoma historia ya Kiingereza. Kumbe kilidharauliwa kwao wenyewe. Watawala kutoka ng'ambo waliiteka Uingereza, na kwa karibu miaka mia tatu wakubwa na mahakimu walisema Kifaransa. Kiingereza kilikuwa cha wachunga ng'ombe na walima shamba. Ndiyo maana hadi leo ng'ombe akiwa malishoni ana jina la Kiingereza, lakini nyama yake mezani ina jina lililotoka kwa Wafaransa. Mwishowe ikatungwa sheria kesi zisikilizwe kwa Kiingereza, maana watu walikuwa wakihukumiwa bila kujua wanasemwa nini.

Hapo nilishindwa kuendelea kusoma. Niache nirekebishe hili, dada. Usimwondoe.

Koikai

Oldonyo Sambu, 19 Mei 2024

Koikai,

Hatujambo. Ijumaa nilipokuja kumchukua ulisimama getini, nami nikapita bila kukusalimu. Sijutii.

Hao Waingereza wako walingoja miaka mia tatu. Naisula ana miaka tisa.

Anakula, anachota maji, anafunga ndama. Haongei, hata na bibi yake. Na mimi ndiye niliyekuomba umfundishe Kiingereza, jambo hilo nalo linaniuma.

Silantoi

Moshono, 30 Juni 2024

Dada,

Shikamoo. Barua mbili nilizotuma hukujibu, lakini naandika tena. Kwenye kikao cha walimu na wazazi nilikiweka kibao mezani, nikasema sitamvisha mtoto mwingine. Mkuu wa shule aliniambia kwa upole, "Mwalimu, wazazi hawa hawakuja hapa kutafuta Kimaasai." Wazazi waliokuwepo walimuunga mkono. Jumatatu nilipewa barua ya kuachishwa kazi. Sikuandikii ili unihurumie. Naomba nije nimwombe Naisula radhi.

Mdogo wako,
Koikai

Oldonyo Sambu, 4 Agosti 2024

Mdogo wangu Koikai,

Marahaba. Mama ameanza kutembea kidogo, na mahindi yamekauka tayari kuvunwa.

Leo asubuhi tukikamua nilimwambia Naisula kwamba unataka kuja. Aliendelea kukamua mpaka kibuyu kikajaa. Kisha akaniuliza, kwa Kimaasai, na hayo ndiyo maneno yake ya kwanza tangu nimlete: "Mjomba akija, ataniruhusu niongee naye kwa lugha gani?"

Njoo umjibu wewe.

Dada yako,
Silantoi